Kukaa Katika Jina la Chabani

Asubuhi ambayo tume ya kuchagua programu ya milango ilikutana kuona majaribio, Djibril alikuwa amekwisha kuandaa uongo wake. Ulikuwa uongo wa kitaalamu, ambao wenzake wawili mezani wasingeweza kuupinga: kwamba programu iliyotoka Brussels isingestahimili umeme wa Bujumbura. Angesema kwamba umeme ukikatika mashine ya kusoma vidole ingepoteza kumbukumbu, milango ingegoma kufunguka, na dawa zingeharibikia ndani ya maghala. Nani angembishia? Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta wa Shirika, na katika jengo lile umeme ulizoea kukatika hata watu wakiwa katikati ya salamu.

Shirika lilikuwa kubwa. Lilikuwa na maghala ya chakula na dawa karibu na bandari, gereji, zahanati na ofisi za ghorofa mbili, na wafanyakazi wake walikuwa wengi kiasi kwamba wa ghalani hawakuwajua wa gerejini. Wafadhili walikuwa wamechoshwa na wizi. Walitaka programu moja itakayojua kila mfanyakazi ni nani, anaruhusiwa kufungua mlango gani, na ruhusa hiyo inakoma lini. Baada ya miezi ya barua na vikao, zilibaki mbili. Ile ya Nairobi ilitoa kadi kwa kila nafasi ya kazi, kadi ya fundi wa gereji, kadi ya mtunza ghala; aliyeshika nafasi alishika kadi, na mashine haikujali jina lake. Ile ya Brussels ilimdai mtu mwenyewe, jina lake, picha yake na kidole gumba chake. Kwake mtu alikuwa ama yumo, ama hayumo.

Hapo ndipo shida ya Djibril ilipoanzia. Kaka yake, Chabani, aliyekuwa fundi wa magari wa Shirika, alitoka kazini mchana mmoja wa mwaka 1995, siku zile mitaa ilipokuwa ikizibwa kwa mawe na matairi yanayowaka, na hakufika nyumbani Jabe. Hospitalini hakuwamo, mochwari hakuwamo, na waliovuka mpaka kwenda Uvira walisema hawakumwona. Mwezi ulipokwisha, Mawazo, ndugu wa mkewe Chabani, alivaa ovaroli ya shemeji yake akaingia gerejini. Mkuu wa gereji akaita, "Chabani." Mawazo akaitika.

Watu wa Shirika walikuwa na neno lao kwa jambo hilo: walisema fulani "anakaa mu jina." Mtu akiuawa au akikimbia, ndugu yake alikaa katika jina lake ili mshahara usikatike na watoto wasilale njaa. Mlinzi wa lango alijua, msimamizi alijua. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo, na katika miaka yote ya vita hakuna aliyeivunja.

Kwa miaka minane, kila mwisho wa mwezi, Mawazo alifika uani kwa dada yake Fatouma, mkewe Chabani, akampa bahasha ya mshahara kwa mikono miwili na kumwambia, "Chabani amekutumia." Mara ya kwanza alisema hivyo kwa sababu ya aibu tu, hakupata neno jingine. Baadaye likawa desturi ya nyumba. Fatouma naye alipokea akajibu, "Mwambie ahsante," na maji ya chai yakabandikwa jikoni.

Djibril, ambaye chumba chake kilikuwa upande wa pili wa ua huohuo, aliyasikia maneno hayo kila mwezi na kila mwezi aliinamisha kichwa.

*

Wajumbe wa tume walikuwa watatu. Léonce, mkuu wa utumishi, alikuwa mtu mnene mwenye adabu nyingi na tai iliyofungwa hata siku za joto kali. Yeye alitaka programu ya Nairobi. Daphrose, mkuu wa fedha, mama mtulivu aliyezungumza kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa, alitaka ile ya Brussels. Kwa kuwa wawili hao hawakukubaliana, Mkurugenzi alikuwa ameamua kwamba pendekezo la fundi ndilo litakalofuatwa, na liwe mezani kwake Jumatatu.

Wakala wa programu ya Brussels alikuwa amewasha kompyuta yake na kuingiza ndani picha zote za zamani zilizokuwa katika mafaili ya utumishi. Akaeleza kwa Kifaransa cha haraka kwamba sasa angependa mfanyakazi mmoja wa kweli, asajiliwe mbele yao. Léonce alijitolea mara moja. Wakala akatabasamu, akasema wakuu kila mara hufanikiwa. Yeye alitaka mtu wa kawaida, mwenye utumishi mrefu. Alibonyeza, na mashine ikapanga majina. La kwanza kabisa, la mtu ambaye hakuwa amekosa kazi hata siku moja tangu katikati ya mwaka 1995, lilikuwa la Chabani wa gereji.

Djibril alisema kwamba huyo alikuwa na gari la wagonjwa mikononi, asisumbuliwe.

"Gereji iko hapo chini ya dirisha, Djibril," Daphrose alisema. "Mwite tu."

Katika miaka yote minane Djibril hakuwahi kumwita Mawazo kwa jina hilo. Wakikutana uwanjani kazini alimwita "fundi," au alimpigia mluzi, au alisubiri hadi wakaribiane. Sasa alisimama dirishani, watu watatu wakiwa nyuma yake, akatazama mabati ya gereji yaliyokuwa yakimetameta kwa jua, akaita jina la kaka yake kwa sauti kubwa. Ilimbidi aite mara mbili. Mara ya pili mtu mmoja mwenye ovaroli alitoka chini ya gari na kuinua uso, na Djibril akahisi, kwa kitambo kidogo cha kipumbavu, kwamba uso utakaoinuka ni ule mwingine.

Mawazo alipanda ngazi akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Mashine ilikikataa kidole chake. Akaenda kukisugua kwa petroli, akarudi, ikakikataa tena.

"Kidole cha fundi, chef, kiko kama barabara ya Kanyosha," alimwambia Léonce. "Mashimo matupu. Hata mashine inaogopa kupita."

Léonce alicheka kupita kiasi. Mara ya tatu mashine ilikubali. Wakala akauliza jina, Mawazo akasema Chabani. Akauliza jina la baba, na Mawazo akalitaja jina la marehemu baba yake Djibril bila kusita, kama alivyokuwa amelitaja kila mwaka alipohesabiwa. Kisha akapigwa picha, na mashine, kwa utiifu wake wote, ikaiweka picha mpya kando ya ile ya zamani.

Kulia palikuwa na uso mpana, wa mviringo, wenye mashavu. Kushoto palikuwa na kijana mwembamba mwenye masikio yaliyosimama na macho yaliyokaribiana, aliyemtazama mpiga picha kana kwamba anadaiwa kitu. Wakala alikunja uso, akasema huenda picha zimechanganyika wakati wa kuingizwa.

"Vita imetuzeesha sote," Léonce alisema.

Hakuna aliyecheka. Daphrose aliitazama skrini kwa muda mrefu, kisha akageuza shingo taratibu akamtazama Djibril. Akarudi kwenye skrini. Kijana yule mwembamba alikuwa na uso wa Djibril, wa umri mdogo zaidi kidogo. Mawazo alisimama katikati yao akinuka petroli, kidole gumba bado kimeinuliwa, akingoja kuambiwa kama amefaulu.

Daphrose alimshukuru kwa upole akamruhusu aende. Akamwambia wakala kwamba majaribio yametosha, mafaili yatakaguliwa, na jibu litatoka Jumatatu.

*

Léonce ndiye aliyemkamata Djibril kwanza, pale penye mtungi wa maji. Alimshika mkono akanong'ona kwamba mambo hayajaharibika. Djibril akipendekeza ya Nairobi, kila mtu ataendelea kukaa alipokaa. Lakini hata kama wafadhili wataishinikiza ile nyingine, kabati la mafaili litakuwa wazi Jumamosi asubuhi, na faili ni karatasi tu. Picha hutoka, picha huingia.

"Mashine inataka kila jina na sura moja," alisema. "Sura gani, hiyo ni kazi yetu. Mi nimewaficha miaka hii yote, mon frère. Sasa na we unifiche."

Djibril aliona jasho katika kola ya shati lake, na kwa mara ya kwanza akafahamu kwamba mtu huyu alikuwa amebeba hofu ya nyumba nyingi, si ya kwao peke yake.

Daphrose alimngojea chini ya ngazi, mkoba begani. Hakumuuliza lolote kuhusu gereji. Alimuuliza kama anamkumbuka Bonfils.

Nani asingemkumbuka? Bonfils alikuwa mtunza ghala la dawa. Usiku mmoja katoni za kwinini zilitoweka, mlango ukiwa haukuvunjwa, umefunguliwa kwa ufunguo wa nafasi yake. Ufunguo huo ulikuwa ukizunguka mikononi mwa kila msimamizi, lakini jina lililokuwa katika zamu lilikuwa lake, naye akatiwa gerezani. Daphrose alisema huwa anakwenda kumwona mkewe, na mwanamke yule huwa anamuuliza swali moja tu: kama Shirika lina watu wanaosoma na kuandika, kwa nini haliwezi kujua nani aliingia mlangoni mwake?

"Ufunguo hauna sura, Djibril. Kama ungekuwa nayo, Bonfils angekuwa kwake sasa."

"Yule wa gereji, sikuulizi ni nani," Daphrose aliongeza. "Sura yako imeshanijibu. Mi nakuomba tu usiniandikie Jumatatu habari ya umeme. Najua utaandika habari ya umeme. Hata mi ningekuwa we, ningeandika hivyo."

Akatoka kwenye jua, na Djibril akabaki ngazini akiuona uongo wake mzuri ukiwa umevuliwa nguo.

*

Jumamosi kabati lilikuwa wazi, kama alivyoahidiwa. Faili la Chabani lilikuwa jembamba. Picha ilikuwa imebanwa kwa pini iliyoshika kutu, na alipoitoa ilimwacha na alama ya kahawia kidoleni. Aliiweka katika mfuko wa shati na kutembea hadi Jabe bila kupanda gari lolote. Nyumbani hapakuwa na picha hata moja ya kaka yake. Mwaka ule wa 1995 nyumba ilivunjwa, na kilichokosa wa kukiiba kilichomwa uani; zilisalimika nguo chache tu.

Mawazo alikuwa amekwisha kufika, amekaa kwenye mkeka mbele ya mlango wa dada yake. Alikuwa amevaa shati la bluu la Chabani. Alimweleza Djibril, huku akilivuta kwapani, kwamba ametoka studio, kama walivyokubaliana, na picha ya kuingia katika faili iko tayari. Amevaa shati hilo ili awe Chabani hata kwa nguo. Fatouma mwenyewe alimpigia pasi. Alipoombwa shati hakuuliza la nini, na hilo ndilo lililomtia Mawazo wasiwasi.

Upande wa milima mizinga ililia mara mbili tatu, mbali. Mwanamke wa jirani aliendelea kupepeta mchele. Fatouma alitoka ndani na kikapu cha maharage, akaketi, akaanza kuyachambua, na Djibril akamweleza kila kitu: programu mbili, kidole, picha, kabati la Léonce, na Bonfils. Alieleza polepole, kwa mpangilio, kama alivyozoea kuwaeleza wakuu. Fatouma alisikiliza bila kuinua macho.

"Ule Bonfils iko na mke?" aliuliza mwishoni.

"Iko naye."

"Yeye hata anajua bwana yake iko nyuma ya mlango gani." Alitupa jiwe dogo nje ya mkeka. "Haya. Onyesha hiyo picha."

Djibril aliitoa mfukoni. Alitarajia kilio, na alikuwa amejiandaa kwa kilio. Fatouma alifuta vidole kwenye kanga, akaipokea, akaisogeza mbali na macho kidogo, kama mtu anayesoma bila miwani.

"Alikuwa mudogo hivi?" alisema. "Mi nilikuwa namuona mutu muzima."

Mawazo naye alitoa yake katika bahasha ya studio, bado inang'aa, akaiweka mkekani karibu na kikapu. Fatouma akaiweka ya Chabani kando yake. Shati lilikuwa lilelile katika picha zote mbili. Hilo hawakuwa wamelijua.

"Hii inatoka, hii inaingia?"

"Ndiyo, shemeji."

"Na kidole kitakuwa cha Mawazo."

"Ndiyo."

"Na Chabani akirudi, akafika pale kwenye lango, akisema mi ni Chabani?"

Djibril alijua jibu. Alikuwa amesoma kitabu cha maelezo cha programu ile kutoka jalada hadi jalada. Mashine haingemtambua. Ingemjibu kwamba Chabani yumo ndani tayari, anafanya kazi.

"Kwa hiyo yeye ndiye atakuwa mwongo," Fatouma alisema.

Mawazo alisogea mbele kwa magoti. Maneno yalimtoka bila mpangilio, kama vifaa vinavyomwagika kutoka kwenye sanduku. Alisema yeye hana diploma, kwamba kwa jina lake mwenyewe hakuna atakayempa kazi ile. Kwamba binti zake Fatouma wako shuleni na ada haijui habari ya sura wala kidole. Alisema hata yeye amechoka. Mtaani ni Mawazo, kazini ni Chabani, na akitaka kuoa, huyo mwanamke ataolewa na nani kati ya hao wawili? Lakini amekubali, ataendelea kukubali, aandikwe Chabani mpaka afe, mradi nyumba isife njaa. Kisha akasema neno ambalo ndani ya ua ule lilikuwa halijasemwa.

"Dada, hatarudi."

Jirani aliacha kupepeta. Djibril aliangalia chini.

"Najua," Fatouma alisema.

Aliendelea kuchambua maharage kwa muda, mikono ikifanya kazi peke yake.

"Nilijua siku ya bahasha ya kwanza. Uliileta nzima, Mawazo. Chabani hakuniletea bahasha nzima hata siku moja. Kila mara alikuwa anaifungua njiani, anatoa yake, ananiambia wazungu wamekata kodi." Kicheko kidogo kilimponyoka, kikavunjika kabla hakijafika mwisho. "Mi napokea ile bahasha, naiona haijafunguliwa, najisemea, basi, huyu mutu amekufa."

Aliwaeleza basi, kwa sauti ileile ya chini, yale ambayo wao waliyaona kila siku bila kuyaona. Sheikh wa msikiti wa mtaa alikwisha kumwambia tangu zamani kwamba mke wa mtu aliyepotea ana njia yake katika sheria: angoje muda uliowekwa, kisha akae eda ya mjane, amwombee mumewe, amwachie Mungu. Naye alimjibu sheikh kwamba mumewe hajapotea, yuko kazini. Kwani angefanyaje? Mjane anaonekana. Akivaa nyeupe na kufunga mlango, wanawake wa Jabe watakuja kumpa pole, na habari itafika Shirika kabla ya sala ya alasiri. Kwa hiyo alivaa rangi. Alikwenda harusini, akacheza. Binti zake walipouliza baba yuko wapi, aliwaambia wanyamaze, watoto wengine wasisikie.

"Miaka minane nimekula mshahara wa mutu na sijamulilia," alisema.

Alichukua picha ya Mawazo, akampa. Ya Chabani aliishika kidogo zaidi. Aliipitishia kidole gumba juu, mara moja tu, kama anayefuta vumbi, kisha akamnyooshea Djibril.

"Rudisha mahali ulipoitoa."

"Shemeji, fikiri kwanza. Mshahara..."

"Wafunge jina lake na sura yake, Djibril. We andika ile programu unaona ni ya haki. Mi kesho nakaa eda."

*

Pendekezo la Djibril lilikuwa la kurasa mbili. Kuhusu umeme aliandika ukweli: kwamba hukatika, na kwamba betri za akiba zinahitajika. Alipendekeza programu ya Brussels kwa sababu ilikuwa ndiyo pekee kati ya zile mbili iliyoweza kusema ni nani aliyefungua mlango, na kumlinda asiyeufungua. Mwishoni, kwa sentensi aliyoiandika na kuifuta mara nyingi, aliomba kwamba waliokuwa wakikaa katika majina ya ndugu zao wapewe muda wa kujitokeza bila kushtakiwa, waandikishwe kwa majina yao wenyewe.

Daphrose ndiye aliyeitetea sentensi hiyo kwa Mkurugenzi. Alitoka kule ndani na macho mekundu na nusu ya alichokiomba. Hakuna atakayeshtakiwa, lakini nafasi zao zingefungwa, na wasio na vyeti wangechukuliwa kama vibarua wa siku. Léonce alihamishiwa ofisi ndogo nyuma ya maghala, isiyo na kabati wala watu. Aliondoka akiwa bado amefunga tai, na alipompita Djibril uwanjani alimwamkia vizuri, jambo ambalo lilimuumiza Djibril kuliko tusi.

Walijitokeza wengi kuliko alivyodhani mtu yeyote. Walisimama kwenye foleni nje ya chumba cha Djibril, makuli, madereva, mwanamke mmoja wa usafi aliyekuwa amekaa katika jina la dada yake. Waliulizwa majina. Baadhi walianza kutaja yale ya marehemu, wakajikwaa, wakacheka kwa haya, wakaanza upya. Mzee mmoja alifikiri kwa muda kabla ya kulitaja lake, akaligeuza kinywani kama chakula alichokuwa amekisahau ladha yake.

Mawazo alipofika, kidole chake kilikubaliwa mara ya kwanza.

Djibril alilifunga jina la Chabani kwa mkono wake mwenyewe, siku ambayo foleni ilikuwa imekwisha. Programu ilimuuliza sababu na kumpa nne za kuchagua: ameacha kazi, amefukuzwa, amestaafu, amefariki. Alitafuta ya tano, ingawa alijua haipo. Alipochagua ya mwisho, ikamdai tarehe. Bila tarehe isingefunga. Aliandika ile ya siku kaka yake alipotoka langoni, siku ya mwisho ambayo kuna aliyemwona. Picha ya kijana mwenye masikio yaliyosimama ikapoteza rangi, ikawa ya kijivu, na mashine ikangoja jina linalofuata.

Kwa Bonfils programu haikufanya lolote. Ilijua kila mlango uliofunguliwa tangu siku ilipowashwa, na kabla ya hapo haikujua kitu. Daphrose aliendelea kwenda kumwona mkewe. Siku moja alisimama mlangoni kwa Djibril na bahasha ndogo, akaiweka juu ya meza. Ndani mlikuwa na picha ya Chabani, na tundu la pini yenye kutu kwenye kona.

"Faili limefungwa," alisema. "Hii si ya Shirika tena. Mupelekee mke wake."

*

Fatouma alikaa eda. Alivaa nyeupe, akatandika godoro chini, na wanawake wa Jabe wakaja na mchele na sukari kumpa pole ya msiba wa miaka minane. Mwanzoni hawakujua walie vipi. Wengine walikuwa wamecheza naye harusini majuzi tu. Kisha mmoja, aliyempoteza mumewe mwaka uleule wa 1995 na kumlilia kwa wakati wake, alikaa karibu naye akamshika mguu, na Fatouma akalia hadi sauti ikamkauka. Binti zake walikaa ukutani wakimtazama. Mkubwa ndiye aliyeelewa zaidi, akawa anamwambia mdogo kwamba sasa inaruhusiwa kumlilia baba.

Mwisho wa mwezi Mawazo alikuja. Vibarua hawapewi bahasha. Pesa walikuwa wamempa mkononi, naye alikuwa amezikunja katika kipande cha gazeti na kukifunga kwa uzi. Zilikuwa chache, na njia nzima alikuwa ameona aibu kwa sababu ya uchache huo. Alivua viatu mlangoni. Djibril, aliyekuwa uani akinawa, alisimama na maji mikononi.

Mawazo alipiga magoti mbele ya godoro la dada yake, akanyoosha kile kifurushi kwa mikono miwili, akafungua kinywa. Yale maneno ya kila mwezi yalikuwa yamekuja hadi ulimini na hayakuwa na mahali pa kwenda. Fatouma naye alikuwa amenyoosha mikono, akingoja, na jibu lake la kila mwezi likimngojea yeye.

"Ni mimi, dada," alisema hatimaye. "Ni mimi nimekuletea. Mawazo."

Fatouma alipokea. Alifungua uzi taratibu, akafungua gazeti, akaona kwamba hakuna kilichoguswa: alikuwa ameleta zote kama alivyopewa. Alizigawa mapajani bila kuhesabu, akachukua sehemu moja, akaitia katika kiganja cha ndugu yake na kukifumba kiganja hicho kwa mikono yake miwili, asiweze kukifungua.

"Mwezi ujao," alimwambia, "usilete nzima."